Kopo la Bi Tatu na Mfupa wa Shomari

Ninyi mliobaki wodi ya mifupa mmeniomba niandike niliyoyaona kazini. Nadhani mlitarajia maneno ya hekima. Sina mengi ya namna hiyo. Nina habari za spana, za matundu ya pini, na kisa kimoja cha mtu wa Kisarawe ambacho nimewasimulia nusunusu wakati wa chai, kila mara mgonjwa akiniita kabla sijafika mwisho. Sasa nimestaafu, niko kwangu Misugusugu, na hakuna anayeniita isipokuwa kuku. Nitakisimulia chote. Majina ya watu nimeyabadilisha, na mahali tulipofanyia kazi pale Kibaha sipataji. Utani tu ndio nimeuacha kama ulivyokuwa.

Mimi ni Kabula, Mnyamwezi wa Tabora. Kwetu tulilima tumbaku. Harufu yake naijua ikiwa shambani, naijua ikiwa ndani ya bani inakaushwa kwa moto wa kuni, naijua pia kwenye viganja vya mama, vilivyokuwa na utomvu mweusi usiotoka kwa sabuni ya aina yoyote. Masomo yangu ya uuguzi yalilipwa na jani hilo. Kwa hiyo mtu akianza kuitukana tumbaku mbele yangu, huwa namwacha amalize kwanza, ndipo namwambia kwamba ana haki.

Siku yangu ya kwanza wodini nilikabidhiwa kwa Mzee Chande, fundi wetu wa plasta, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa na subira ndogo. Plasta yangu ya kwanza niliifunga vizuri kabisa, imenyooka, imelainika, ila niliifunga pamoja na ncha ya aproni yangu. Mgonjwa alipoinuka, nami nikainuka naye. Mzee Chande hakucheka. Alichukua mkasi, akakata aproni, akasema, "Basi kipande hicho ni cha mgonjwa," akaendelea na kazi. Aproni ile niliivaa mwaka mzima ikiwa na pengo.

Yeye ndiye aliyenifundisha kutumia pua. Kila asubuhi alipita kitanda kwa kitanda akiinamia plasta na kuzinusa, kama mpishi anayekagua sufuria. Macho yanaona plasta, alikuwa akisema, lakini kilichomo ndani kinaonwa na pua. "Nusa kwanza, ndipo uulize. Mgonjwa atakudanganya kwa sababu anakuheshimu. Kidonda hakimheshimu mtu." Vijana wa siku hizi mna mashine nzuri, nami nazipenda, lakini pua mmezipa likizo bila malipo.

Baadaye vikaja vyuma vya nje. Wale mliovikuta mnaviona vya kawaida, lakini sisi tuliozoea plasta tulivizunguka kwa mashaka. Pete za chuma zinazunguka mguu, pini na nyaya zimepita kwenye mfupa, na nati zimejaa kila upande. Daktari Massawe, kijana mtulivu aliyekuja kutuongoza, alitueleza kwamba mguu mfupi unaweza kurefushwa. Mfupa unakatwa kwa uangalifu, unaachwa utulie siku chache, kisha vipande viwili vinatenganishwa polepole kwa kukaza nati: robo mzunguko asubuhi, robo mchana, robo jioni, robo kabla ya kulala. Ni milimita moja tu kwa siku. Katika pengo hilo mwili unajaza mfupa mpya, mwanzoni laini kama ute, baadaye mgumu. Nilimsikiliza nikafikiri anatania. Halafu nikaona picha za eksirei za mgonjwa wa kwanza, na nikaacha kufikiri.

Nati hizo zinafunguliwa kwa spana namba kumi, ileile ya mafundi pikipiki. Spana ya wodi ilipopotea, na spana hupotea, nilitembea hadi kituo cha Kwa Mathias kumwomba fundi mmoja wa bodaboda aniazime yake. Aliniuliza pikipiki yangu imeharibika wapi. Nilimwambia ni mguu wa mtu. Akanipa spana, akaniomba nisiirudishe.

Katika kazi hiyo ya kurefusha, adui wetu mkubwa hakuwa uchafu wala uvivu wa mazoezi. Alikuwa tumbaku. Tulikuwa na dereva mmoja wa lori, mcheshi, aliyeficha pakiti yake nyuma ya kamba za kuanikia mashuka. Nati alikaza vizuri, mazoezi alifanya, chakula alikula hadi cha jirani. Mfupa ulikataa. Pini zake zilitoa usaha mara kwa mara, pengo likabaki pengo, na mwishowe ilibidi achongwe mfupa wa nyonga ukapandikizwe mguuni. Mguu haukunyooka tena sawasawa. Nilimpenda yule dereva, na mpaka leo nikikumbuka anavyoshuka ngazi huwa naumia.

Daktari Massawe alipotaka tuwaelezee wagonjwa, tulitumia maneno magumu mpaka wakasinzia. Mimi nikatafuta ya kwangu. Niliwaambia hivi: maji tunayokunywa yanatoka Ruvu, yapo mengi tu, lakini bomba likibanwa njiani, kwangu Misugusugu inabaki ndoo tupu. Nikotini inabana vijibomba vya damu, na moshi wa sigara unaifukuza hewa safi ndani ya damu yenyewe. Mfupa mpya ni mtoto mchanga, unataka kunyonya kila saa. Ukimbania, haukui. Hapo walielewa, kwa sababu hakuna mtu wa Kibaha asiyejua ndoo tupu.

Ndipo akaja Shomari.

Shomari alikuwa mkwezi wa minazi kutoka kijiji kimoja cha ndani kidogo Kisarawe. Alianguka, muundi ukavunjika, akaungwa na mzee wa kijijini. Mfupa uliunga kweli, ila kipande kimoja kilipanda juu ya kingine, na mguu ukawa mfupi kwa upana wa vidole vitatu. Alitembea akiyumba, kiuno kikamuuma, minazi akaiangalia kwa chini tu. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mke alikuwa amerudi kwao, na aliishi na mama yake, Bi Tatu. Aliniambia siku ya kwanza, "Sista, mimi sitaki mguu wa urembo. Nataka nisimame sawa."

Alikuwa anavuta sigara, na hakuficha. Tukamweleza habari za bomba. Daktari alimwambia wazi kwamba hatamkata mfupa mpaka aache, na Shomari akaacha. Aliteseka kweli, alikuwa akitafuna kucha mpaka zikatoka damu, lakini aliporudi baada ya wiki kadhaa nilimnusa kama nilivyofundishwa, nguo, vidole na pumzi, na sikupata moshi hata kidogo.

"Fegi nishaachana nazo, sista," alisema, akitabasamu. "Wana kijiweni wananiita shehe."

Akapasuliwa, akavishwa pete zake, akafundishwa kukaza nati na kusafisha matundu ya pini kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akaenda nyumbani. Akawa anarudi kwa picha. Mguu ulirefuka barabara. Lakini ndani ya pengo, mahali ambapo kwa wakati ule tulitarajia kuona ukungu mweupe wa mfupa mchanga, palikuwa peusi tii. Picha iliyofuata, peusi. Daktari akapunguza mwendo wa nati, kisha akazisimamisha. Akauliza chakula: maharage, dagaa, maziwa, vyote vilikuwepo. Akauliza kama anakanyagia mguu, na alikuwa anakanyagia. Akauliza sigara, Shomari akaapa kwa Mungu, nami nikamwamini.

Mwisho daktari alimweleza kwamba picha ijayo ikiwa hivyohivyo, watachukua mfupa wa nyonga. Hiyo ilikuwa na maana ya upasuaji mwingine, vyuma kwa muda mrefu zaidi, na hakuna wa kumwahidi kwamba utashika. Shomari alipofika mlangoni aligeuka akaniuliza, "Sista, nikiwa kama yule dereva?" Habari za dereva nilimsimulia mimi mwenyewe, ili aogope. Aliogopa, na mimi nikalala vibaya wiki nzima.

Siku yangu ya mapumziko nikaenda Kisarawe. Kuwatembelea wagonjwa wa vyuma nyumbani ilikuwa kawaida yetu, maana mengi ya nyumbani hayafiki kliniki. Nilipiga hodi, sauti ya kike ikauliza nani.

"Mnyamwezi!" nikaitikia.

"Ala! Shomari, fungia kuku! Mtani kaja!"

Kwa mliozaliwa juzi, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu mababu. Mtani anakwambia neno ambalo ndugu yako hawezi. Anakuja msibani kwako akaigiza marehemu. Anaingia kwako akachukua kitu mbele ya macho yako, na huwezi kumdai wala kununa, kwani ukinuna ndiyo umeshindwa. Bi Tatu, Mzaramo wa Kisarawe, alikuwa mtu mzima kuliko mimi, mwembamba, mwenye khanga mbili na ulimi wa mtu mwenye khanga kumi.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba. Umekuja kutibu au kuzika?"

"Nimekuja kuona kama mmeshakufa nirithi minazi."

"Utaikwea na makalio hayo?"

Tukacheka, nikakaribishwa. Shomari alikuwa ameketi kwenye mkeka, mguu na pete zake juu ya mto, amekonda. Nilikagua matundu ya pini, yalikuwa masafi kuliko ya wagonjwa wengi wa wodini. Nikaangalia nati, zote sawa. Tukala muhogo wa nazi, tukanawa. Hapo Bi Tatu akafungua pindo la khanga, akatoa kopo dogo la bati, lile la dawa ya kuchua, limechakaa mpaka maandishi yamefutika. Akalifungua, akanielekezea.

"Karibu, mtani. Hii imetoka kwenu."

Harufu ilinifikia kabla ya kopo. Nilimwona mama yangu kwenye mlango wa bani, na viganja vyake. Ulikuwa ugoro, tena uliosagwa vizuri. Nikashukuru, nikakataa. Bi Tatu akachukua kidogo akanusa, kisha bila hata kugeuza shingo akanyoosha mkono kwa mwanawe, kama mtu anayempa mwenzake chumvi. Shomari akachota, akaubana chini ya mdomo.

"Shomari," nikasema, "umeanza lini hiyo?"

"Tangu mliponikataza fegi, sista. Nilikuwa naona wazimu. Mama ndio akanisaidia."

"Mbona uliniambia umeacha?"

"Nimeacha! Muulize mama kama nimewasha hata moja." Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mlisema sigara, sista."

Na tulisema sigara, na hata pua yangu siku ile ilitafuta moshi tu. Kliniki nzima tuliuliza, "Unavuta sigara?" na bango letu ukutani lilikuwa na picha ya sigara iliyopigwa mstari. Hayo tuliyafanya katika nchi ambayo bibi wa kila nyumba ya pili ana kopo kwenye pindo la khanga. Nilikasirika, nikatafuta wa kumkasirikia, nikamkosa.

Ikabidi niwaeleze. Nilirudia habari za Ruvu na bomba, nikasema kwamba moshi una ubaya wake wa ziada, lakini kile kinachobana bomba kiko ndani ya jani, na jani ni lilelile, uliwashe au ulisage. Shomari alitema ugoro uani akarudi ameinamisha kichwa. Bi Tatu hakutikisika. Kopo lilikuwa bado wazi mkononi mwake.

"Kwa hiyo unasema mimi ndiye ninayemla mwanangu," alisema polepole.

"Sijasema hivyo, Bi Tatu."

"Nilimwona anahangaika, nikampa kilichonituliza mimi siku baba yake alipofariki. Kila asubuhi. Kwa mkono wangu huu."

Nimewaambia watu habari mbaya kwa miaka mingi, na ninajua sauti inayofaa, mahali pa kuweka mkono na wakati wa kunyamaza. Siku ile vyote vilinikimbia. Nilijua nikimpa pole atalia, na nikimpa mawaidha atanifukuza, na vyovyote vile kopo litabaki ndani ya nyumba. Kisha nikakumbuka kwamba mimi si sista tu pale. Nikanyoosha mkono, nikalifunga kopo, nikalitia mkobani mwangu.

"Hili nimechukua," nikasema. "Mtani hadaiwi."

Shomari alishtuka. Kopo lile, nilikuja kuambiwa, Bi Tatu alilirithi kwa bibi yake. Mama mtu alinikodolea macho, mdomo ameukaza, na kwa kitambo nikadhani nimevuka mpaka. Halafu akaanza kucheka, huku machozi yanamtoka, akajikokota juu ya mkeka mpaka kwangu, akachomoa saa yangu ya kazi niliyoibana kifuani, ile ya kuhesabia mapigo ya wagonjwa.

"Na hii nimechukua mimi," alisema. "Siku mwanangu akitembea bila magongo, njoo uiombe. Sijasema nitakupa."

Kwa muda wote uliofuata nilihesabu mapigo kwa saa ya ukutani, ambayo ilikuwa ikichelewa.

Niliporudi kliniki nilimweleza daktari. Aliinuka, akaenda mwenyewe kulibandua bango. Tangu siku hiyo tuliacha kuuliza kama mtu anavuta sigara. Tuliuliza, "Tumbaku unaitumiaje?" na tukataja vyote: sigara, kiko, ugoro, shisha. Msiulize kama mnapeleleza mwizi. Ulizeni kama mnauliza mtu anapenda ugali au wali, na mtajibiwa. Ulizeni pia nani anaishi naye, na huyo anatumia nini, kwa kuwa hakuna anayeacha peke yake ndani ya nyumba yenye kopo.

Bi Tatu aliacha pamoja na mwanawe. Hilo sikumwomba, nisingethubutu. Shomari ndiye aliyeniletea habari, kila alipokuja kusafishwa pini: mama kichwa kinampasuka, mama kagombana na jirani, mama kamtukana jogoo. "Mama anauliza umeshakufa au bado," ndivyo alivyonisalimia kwa niaba yake, nami nilimrudishia salamu za aina hiyohiyo. Shomari mwenyewe alitoka jasho, alitafuna vijiti vya mwarobaini, alinipigia simu mara mbili akiniambia anataka sigara moja tu. Mara zote mbili nilimwambia aongee mpaka hamu ipite, akaongea. Nimejua mengi sana kuhusu minazi.

Siku ya picha nilikwenda na Shomari mimi mwenyewe. Daktari aliitundika kwenye taa, akavua miwani, akaivaa tena. Katikati ya ule weusi palikuwa na kitu chembamba, hafifu, kama moshi wa uvumba. Ukiwa huna mazoea ungesema ni uchafu kwenye picha.

"Hii ni nini?" Shomari aliuliza.

"Hiyo ni wewe," daktari akajibu. Nyonga haikuguswa.

Daktari ni mtu wa haki, alinikumbusha kwamba alikuwa pia amesimamisha nati, na kwamba miili ina saa zake, hivyo tusiape kwamba ni kopo peke yake. Sawa, sikuapa. Lakini nimeona mifupa mingi, na ninajua ninachokijua. Ule uvumba ukawa wingu, wingu likawa ukuta, na ilipofika siku ya kuvua vyuma nilifungua nati mwenyewe kwa spana ya yule fundi wa Kwa Mathias. Shomari alisimama katikati ya chumba, akaangalia mabega yake kwenye kioo cha dirisha. Yalikuwa sawa. Alibaki hapo muda mrefu, nami nikaenda kupanga vyombo vilivyokuwa vimeshapangwa.

Niliagwa wodini kwa pilau na soda, na hotuba iliyokuwa ndefu kuliko lazima. Katikati ya hotuba nikamwona Shomari anavuka uwanja, anakuja bila gongo wala kuyumba, na madafu mawili kila mkono. Alikuwa amekatazwa kukwea.

"Nani kayaangua hayo?" nikamuuliza.

"Shikamoo, sista," akajibu, akapita.

Nyuma yake alikuja Bi Tatu, amevaa khanga mpya, na juu ya khanga amebana saa yangu. "Nimekuja kuhakikisha kama kweli wamekufukuza," alisema. Nikamshika mkono tukakaa pembeni. Nilikuwa na kitu chake mkobani. Nilikuwa nimelisafisha lile kopo kwa maji ya moto mara nyingi, na bado lilikuwa na harufu, na ndani yake nilikuwa nimeweka nati chache za vyuma vya mwanawe. Alilitikisa kwanza, kisha akalifungua. Alizigeuzageuza zile nati moja moja kwa kidole.

"Ndizo hizi?"

"Ndizo hizo."

Akafunga kopo, akalifundika kwenye pindo la khanga, mahali pake pa siku zote. Mimi nikanyoosha kiganja, nikamwambia, "Mwanao anatembea, nipe saa yangu." Aliifunika kwa mkono.

"Saa ngapi sasa?" nikamtania, nikijua kwamba mishale hajui kuisoma.

"Nitajuaje? Mimi siisomi," alisema. "Ikinijia hamu ya ugoro naitia saa sikioni, naisikiliza mpaka hamu ipite."

Sikuiomba tena.